Ngapi kwa Ngapi

Mwaka ule zamu ya kuhesabu ilikuwa yangu.
Ukumbi wa mazoezi, shule ya Steinmatt,
kamba za kukwea zimefungwa ukutani,
makoti yakichuruzika theluji juu ya viti vya kukunja.

Kwanza, mtaro wa maji machafu. Ukapita.
Pili, kengele ya kanisa na ufa wake. Ikaahirishwa.
Tatu, Bi. Hajrije Morina, mzaliwa wa Gjakova,
miaka kumi na tisa bondeni kwetu,
anaomba kuwa mtu wa hapa.

Akatolewa nje, ndivyo sheria ilivyo.
Kwenye kioo cha mlango nilimwona kisogo tu,
kasimama kando ya vigingi vya makoti ya watoto.

Wakamsoma.
Kodi kalipa. Deni hana.
Kwenye mtihani aliitaja milima yetu saba
mmoja baada ya mwingine
(mimi naijua minne).
Ueli akauliza mbona hanunui jibini dukani kwake.
Mtu akacheka. Mtu akasema swali ni zuri.

Huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe.
Jumatatu alishuka kwenye basi,
Jumanne alikuwa nyumbani kwetu, beseni magotini,
akimwosha mama miguu,
akimwita kwa jina la utotoni
ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia.

"Wanaokubali."
Mkono wa Vreni, kidole kimepinda.
Mkono wa mwokaji, unga ungali kuchani.
Mkono wa Ueli ulipanda nusu, ukajikuna sikio;
sikuuhesabu.
Thelathini na nane.

"Wanaokataa."
Hawa walinyanyua upesi, wakashusha upesi,
kama watu waliogusa jiko.
Thelathini na nane.

Nikarudia. Nikarudia tena.
Ukumbi mzima ukanigeukia
na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nami nina mkono,
na kwamba uraia wangu nilizaliwa nao kama pua,
hakuna aliyewahi kuniuliza milima.

Nikaweka kalamu chini.

Alipoitwa ndani hakuuliza ngapi kwa ngapi.
Alipita katikati ya viti, akanifikia,
akainama, na kwa lafudhi ile ile ya bondeni
ambayo wageni wa mjini hutucheka nayo,
akaninong'oneza:
"Nani amebaki na mama?"

Hakuna, nikasema.
Sote tulikuja kupiga kura.

Akachukua koti lake.