Mita Nne na Robo

Taavet, kaa. Theluji ya viatu itayeyuka sakafuni, si neno.
Nimeisoma insha yako juu ya kinamasi cha Sooniste
mara ya kwanza kwa miwani,
mara ya pili bila miwani, kwa kidole.

Ukurasa wa kumi na tisa umenyooka mno.
Sentensi zako wewe hukimbia zikijikwaa,
huweka mkato pasipo na pumzi,
hulamba neno "labda" kama mtoto alambavyo sukari.
Hapa hakuna labda.
Hapa anasema mtu mwingine, mwenye viatu vilivyong'arishwa:
"Kina cha mboji, sehemu ya kaskazini, ni mita nne na robo."

Hukuweka alama za kunukuu.
Hukutaja jina, wala mwaka, wala ukurasa.
Palipokuwa na "upande" ukaandika "sehemu",
palipokuwa na "waziwazi" ukaandika "bayana",
kama aliyeiba baiskeli
akapaka rangi kengele tu.

Usiniambie unaosha vyombo hotelini hadi saa saba za usiku.
Najua. Mikono yako inanuka sabuni.
Usiniambie mashine ya chuo haikuona kitu.
Ingeonaje? Insha ile ilipigwa taipu, nakala mbili:
moja ipo maktaba, ghorofa ya chini,
rafu inayopakana na bomba la maji ya moto;
ya pili iko kabatini kwa mama yangu.

Ndiyo. Kwa mama yangu.
Ile sentensi niliizaa mimi
nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Ngoja, usiinamishe kichwa bado.
Hapa ndipo aibu inapogawanywa mafungu mawili
na fungu langu ndilo kubwa.

Tulikuwa watatu na fimbo moja ya chuma.
Baridi ilituuma hadi kwenye meno.
Upande wa kusini tulipima: mbili na nusu, tatu, tatu na kidogo.
Jua la Desemba likatua saa tisa alasiri, kama desturi yake.
Kaskazini sikufika.
Niliketi ndani ya basi la kurudi Tartu,
nikapangusa ukungu wa dirisha, nikakadiria.
Nne, nikasema.
Kisha nikaongeza robo,
kwa kuwa robo hufanana na jasho.

Walinipa alama ya juu. Hakuna aliyerudi na fimbo.
Miaka thelathini na mmoja uongo wangu umelala rafuni
ukiota joto la bomba,
ukimsubiri mtu mwenye haraka.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, Taavet,
na mimi niliyekuazima
nilikuwa uchi.

Kesho asubuhi nitapanda ngazi za mkuu wa kitivo
na nakala ya mama kwapani.
Wewe utapanda na yako, au hutapanda. Ngazi ni pana.

Baada ya hapo, daftari lako litie mpaka:
huku ulichosoma, kule ulichowaza,
wino usivuke bila hati ya kusafiria.
Ukichota kwa mtu, mtaje papo hapo, kikombe kingali mkononi;
ukisema utamtaja baadaye, baadaye utaamini kisima ni chako.
Na tarehe ikikushinda, niandikie "nimeshindwa".
Ni neno moja, tena lako.

*

Jumamosi barafu ilikuwa imelegea kwenye njia ya mbao.
Ulitangulia. Hatukuzungumza mengi;
ngazi tulikuwa tumeshazipanda, sote wawili.
Uliisukuma fimbo, ikashuka, ikashuka, ikagota.
Ukaichomoa, ukairudisha, ukapima tena.
Ukavua glovu ili uandike, vidole vikiwa vyekundu:

"Mita moja na sentimita themanini na tatu.
Mäeots, ukurasa wa arobaini, alikosea."

Na chini yake, kwa mwandiko unaokimbia ukijikwaa:
"labda tatu, labda nne, mkono ulitetemeka."