Mashine ya Farasi Arobaini

Asubuhi nabonyeza kitufe, nainjika chai.
Chai inachemka. Nainywa. Nasuuza kikombe.
Kile kiduara bado kinazunguka kiooni
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Nje wananiita: Mama Kashinje, andika!
Ndoo nane za Holo, kumi na moja za Nyanjura,
dagaa wa usiku wa kiza, bado wanang'aa,
na mwenye gari la Mwaloni anapiga honi.
Naandika kiganjani kwa kalamu ya wino.
Jasho linafuta. Jioni tunagombana.

Kompyuta tulipewa na ofisi moja ya mjini
walipokuwa wanahama. Ilikuja na vumbi lake
na stika ya mtu tusiyemjua: USIGUSE.

Jumatatu nikaifunga kwenye khanga,
nikaitoa Igombe hadi Makoroboi, kwa Mugeta fundi,
bisibisi sikioni kama penseli ya seremala.
Akaifungua. Akapuliza. Akahesabu kumbukumbu.
"Giga mbili tu, mama,
na imebebeshwa mfumo wa kompyuta ya kesho."
Akasema nichague.
Nibaki na huu mpya, ninunue kumbukumbu nyingine;
mzuri, utaniambia mvua ya Ulaya kabla sijauliza.
Au nirudi kwa ule wa zamani, mwepesi,
ila mlango wake hauna mlinzi tena,
virusi huingia kama mbuzi kwenye mihogo.
Au huu wa bure,
wenye picha ya ndege mweusi, kifua cheupe.

"Mnandi," nikasema.
"Si mnandi, mama. Huyu haruki."
"Anazama?"
"Kuzama ndiyo kazi yake."

Nikanyamaza. Nikamkumbuka kaka yangu Magesa,
mwaka aliouza ng'ombe wawili
akanunua mashine ya farasi arobaini
akaifunga kwenye mtumbwi wa baba.
Watu walijaa ufukweni.
Akavuta kamba. Ikanguruma
kama ndege inayoondoka pale uwanjani kwetu.
Tezi likazama, omo likatazama mawingu,
naye akarudi akiogelea, kofia ikimtangulia.
Farasi walikuwa wazima, wote arobaini.
Mtumbwi ndio haukuulizwa.

"Niwekee huyo ndege," nikasema.
Mugeta akachomeka flashi, akaniuliza
nahitaji nini humo ndani.
Daftari. Kujumlisha na kutoa. Majina.
Picha ya Kashinje siku ya kipaimara.
"Basi?"
Basi.

Leo nimebonyeza, nikainama kuwasha jiko.
Kiberiti cha kwanza kikazimwa na upepo wa ziwa.
Nilipogeuka ilikuwa imeshafunguka, inaningoja
kama mgeni aliyefika kabla hujafagia.

Ila printa haielewani nayo.
Tangu juzi inatema karatasi tupu, nyeupe.
Mugeta anasema njoo Alhamisi, kuna kitu cha kupakua.
Na ule mchezo wa karata sijui umekwenda wapi;
Holo ndiye analalamika zaidi, alikuwa anaongoza.

Honi.
Ndoo nane, Holo, nimeshaandika.
Tazama kiganja changu.