Kicheko cha Bi Mabibo

Chumba kiko juu ya duka la mbolea, Mkuti,
kuta zimevikwa trei za mayai
ili bodaboda za Masasi zisiingie kwenye mchezo.
Tumekuja tisa. Wote tumekuja na kicheko kimoja.

Kinapishana ngazini,
kinapanda na namba tatu, kinashuka na namba nne:
he! he-he, hiii,
halafu ile pumzi ya kuvuta
kama mtu anayenusa uraka kabla hajausifu.
Miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi saa mbili usiku,
Somoe Makwinya alikuwa Bi Mabibo.
Hata kaburini, saruji ikiwa mbichi,
mtu aliandika kwa kidole jina lisilo lake
na hakuna aliyelifuta.

Mimi Editha, mbangua korosho.
Nimekisomea bandani,
mafuta ya maganda yakinila vidole,
wenzangu wakinisahihisha:
"Panda kidogo. Hapo umekuwa mbuzi."
Msimamizi alidhani tunamcheka yeye.
Akatukata nusu siku.

Namba saba.

Chitanda, mtunzi na mtayarishaji, hanitazami.
Amefumba macho, anamsubiri mwingine
apite kwenye mdomo wangu.
Fundi mitambo anamenya chungwa.
Karibu na mlango, juu ya ndoo iliyofunikwa,
amekaa binti aliyefuata posho ya mwisho ya mama yake,
bahasha iko mapajani, bado haijafunguliwa.

"Anza na kicheko."

Kikatoka chote. Kizuri. Mbuzi hakuwemo.
Chitanda akatikisa kichwa polepole
kama mtu aliyekutana na shati la marehemu
mwilini mwa jirani.
Limekukaa, mama. Vua.

Ndipo binti akasema, akiiambia bahasha:
"Mama kusoma kulimshinda.
Akipotea kwenye karatasi anacheka
mpaka jicho lipate mstari."

Fundi aliliweka chungwa chini.
Miaka kumi na mmoja
kuanzia Nanyumbu mpaka Ndanda
tumeshika mbavu, tumemwaga chai,
kumbe mtu anatafuta neno.

"Ukurasa wa tatu," akasema Chitanda, koo limekauka.

Bi Mabibo anadaiwa kodi ya kibanda.
Mimi nasoma vizuri, masista walinichapa nikajua,
sina pa kupotelea.
Lakini karatasi ilikuwa na mabano:
(anacheka) kabla ya "uthibitisho",
(anacheka) kabla ya "mahakama ya mwanzo",
(anacheka tena) kabla ya "mheshimiwa".
Mtu alikuwa akimpangia mawe
kwenye kila kijito, apate pa kukanyaga,
na wala hakumwambia.

Nikamtazama Chitanda.
Alikuwa amefumbua macho, anaangalia trei za mayai.

Nilipofika kwenye mabano nikanyamaza.
Nikahesabu pumzi moja, mbili,
jenereta la chini likinguruma kwa niaba yangu.
Halafu nikasema "uthibitisho sina"
kwa sauti ninayoombea chumvi,
na Bi Mabibo kwa mara ya kwanza
alikuwa mwanamke anayedaiwa kodi.

"Tutakupigia," wakasema.
Namba yangu waliiandika kwenye ganda la sigara.

Binti alinifuata ngazini.
"Mbona hukucheka?"
Sikuwa na jibu. Nilimwambia vidole vinaniwasha,
na ni kweli vilikuwa vinawasha.

Juu, namba nane akaanza:
he! he-he, hiii, na ile pumzi.
Tulisimama wote wawili, mimi ngazi moja chini yake.
"Huyu kapatia," alisema binti,
akajifuta shavu kwa bahasha.