Jina la Ukingoni

Mize binti Hamad kaja dukani kwangu, Wete,
nishani ya babu yake kaifunga pindoni mwa kanga,
mafundo mawili, kama mtu aliyefunga nauli.
"Nipimie," kasema. "Sonara wa Chake ataka kujua uzito
kabla hajanikatia bei ya bangili."

Mimi kazi yangu saa. Nishani ni maradhi.
Ninazo mia na kumi na tatu katika makopo ya biskuti,
kila moja na kijikaratasi chake,
za shaba, za nikeli, na moja ya bati
aliyojikatia mtu mwenyewe
akajipa cheo ambacho hapana serikali iliyompa.
Hiyo ndiyo niipendayo.

Nikavaa lenzi jichoni.
Fedha. Fedha ya kweli, haina mchezo.
Pua ya mfalme imelika kwa majivu na ndimu;
asojua husugua, anojua huacha weusi,
maana weusi nao ni tarehe.
Utepe si wake. Wake ulikuwa na rangi ya chungwa katikati,
huu ni upapi wa kikoi, umeshonwa kwa uzi wa mshipi.
Nikaigeuza.
Mize akachungulia, akaziba mdomo kwa kanga:
mwanamme juu ya farasi, uchi wa mnyama.
"Ndo maana! Babu akiivaa siku zote
mfalme nje, na huyu asiye nguo kamlaza kifuani."

Watu husoma uso, husoma mgongo.
Mwenye nishani hukaa ukingoni,
herufi ndogo kama mayai ya sisimizi.
Nikaizungusha chini ya taa, polepole,
namba kwanza, kisha P, kisha A.
Nikafuta lenzi. Nikarudia.

"Babu yako akiitwa nani?"
"Shaame Kombo. Wa Kojani."
"Hapa pana Pandu Vuai."

Jina hilo si la huku. La Unguja hilo, tena la kusini.
Nimeshaona mengi: nishani ya mnadani,
nishani ya rehani kwa pishi ya mchele,
nishani iliyoliwa kwenye karata.
Nikatafuta neno lisilomvunjia mtu babu yake.

Mize hakuvunjika. Alikaa kwenye kigoda cha wateja,
akanyamaza mpaka saa zangu zote zikasikika.
"Kila mwaka," kasema, "ikisha Idi kubwa,
babu akipanda meli kwenda Unguja. Siku tatu.
Bibi akidhani ana mke.
Akirudi na vumbi jeupe viatuni
na hii mfukoni, kama alivyoondoka nayo.
Ukimuuliza, husema: Sikuuona mji.
Sisi tukicheka. Mji gani usioonekana, na minara yote ile!"

Mji wa mtu, Mize.
Sikulisema. Alikuwa ameshalijua.

Nani alimkabidhi, kambi gani, mto gani wa bara
walimzika huyo Pandu, sijui.
Na ya Shaame mwenyewe iko wapi?
Hilo nalo sijui. Kijikaratasi kina mstari mmoja tu.

Mzani ulisema gramu thelathini na moja na kitu.
Hakuuliza.
Akaniomba niandike, herufi kubwa, kama zilivyo,
jina na la baba yake.
"Alkhamisi tuna hitima ya babu.
Mwalimu hutaja ukoo mzima, bado kidogo ataje na mbuzi.
Ataongeza mmoja."

Akaifunga tena, mafundo mawili.
Na bangili?
"Ataolewa mikono mitupu," kasema, keshafika mlangoni.
"Mimi niliolewa hivyo hivyo, na chai ikamiminika."

Usiku niliyashusha makopo.
Vijikaratasi vyangu vyasema madini, mwaka, hali ya utepe.
Nilizigeuza ubavu moja moja, nikasoma kwa sauti,
mke wangu akadhani nazungumza na mteja.
Nilipofika ya arubaini macho yaliwasha.
Ile ya bati haina jina popote.
Nimeiweka mbali kidogo na nyingine, karibu na taa.