Mayi

Nsimire amegeuza kalenda ya mwaka jana,
ameilaza sakafuni, kokoto nne pembeni isijikunje,
na kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango
anaandika, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo
kama alivyoandika darasa la pili, kwangu:
TUNATAKA MAYI.

Ni maji, nasema. Kwa J.
Miaka thelathini na mmoja nimeshika chaki hapa Kadutu,
neno hilo nimelikata kwa wino mwekundu
mpaka kalamu zikaisha.
Na "tunataka" ni la mtoto mbele ya sufuria.
Andika: Tunaomba.

Haniangalii. Anachovya brosi.
"Baba, wewe uliomba."

Kweli, niliomba.
Barua nne, nakala tatu tatu,
tarehe juu kulia, kwa heshima na taadhima,
na kila moja ikapigwa muhuri: IMEPOKELEWA.
Zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda,
kavu kabisa.

Ila hajui kile chumba cha nyuma ya ofisi
ambamo nilihesabu matofali siku mbili
kwa kuwa kwenye orodha yetu jina la kwanza lilikuwa langu.
Mimi na mama yake tuliiita safari ya Uvira.
Hata leo anauliza kwa nini sikumletea samaki.

Wao hawana orodha. Hawana mwenyekiti wala katibu.
Wana simu, na bidoni tupu za mitaa mitatu,
kesho watazipanga juu ya lami, moja nyuma ya nyingine,
kuanzia sokoni mpaka mlango wa mkurugenzi,
kisha wakae chini, kimya.
"Na nani atazungumza naye?"
"Bidoni."

Sisi tulikuwa na ajenda. Tulivaa koti.

Kutoka kizingiti chetu ziwa lote linaonekana,
limelala kule chini kama mtu aliyeshiba,
na mama yake ndiyo kwanza anamaliza kilima,
kamba imemchora mstari kwenye paji la uso.
Anatua lita zake ishirini. Anahema.
Anasoma kalenda kwa sauti, yeye asiyependa kusoma:
"Tunataka mayi."
Hakwami popote.

Mimi natazama bidoni aliyoitua.
Ubavuni, kwa lami, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
nililipaka jina lisipotelee bombani: MWL. CIRHUZA.
Na ya jirani ina jina. Na ya ng'ambo ya mfereji.
Mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, nani na nani,
kesho mchana kweupe, barabarani.

"Nsimire," nasema, "chukueni na ya kwetu.
Lakini usiiweke ya kwanza.
Iweke ya kumi. Ya kumi na mbili."

Brosi inasimama.
Sasa ananiangalia.