Bahasha Namba Mia na Kumi na Nne

Jumamosi, Chumbageni, umeme umekatika,
na Eliwaza ananyoosha gauni langu la umoja wa wanawake
kwa pasi ya mkaa, akipuliza jivu
lisidondoke juu ya weupe.
Mimi niko mezani na bahasha.
Nimeandika namba yangu kwa mwandiko wa kupendeza,
chini yake, Ahadi ya Kengele,
na laki moja na ishirini imelala ndani
kama mtoto mchanga.

"Mama," anasema, hageuki,
"kule Mlalo bibi amelazwa tena."
Nami, bila kuinua macho:
"Tutamwombea."

Nataka ieleweke: niliomba.
Nilipiga magoti hata simiti ikaniuma,
nikamtaja bibi kwa jina la ubatizo na la ukoo,
nikamtaja daktari nisiyemjua.
Kitu kimoja tu sikukitaja:
miezi mitatu.
Elfu arobaini mara tatu.

Hesabu hiyo nilikuja kuipiga kanisani,
kwenye foleni ya sadaka,
kwaya imeshika ubeti wa pili,
joto la Tanga limetukaba shingoni,
na mkono wa gauni langu unanuka moshi.
Moshi wa mkaa wake.
Ulinitangulia madhabahuni
kama shahidi aliyechoka kungoja aitwe.

Laki moja na ishirini. Ile ile.

Sikupata maono. Sikulia.
Nilipita tu mbele ya kapu, kiganja nimekifumba,
na Mzee Semhando, mshika daftari,
akanitazama juu ya miwani,
mimi ninayenunua jogoo wa mnada kwa bei ya mbuzi
ili watu wapige makofi.

Nyumbani nilimkuta anachambua mchele.
Nikamwekea bahasha kando ya ungo.
Akaifungua, akahesabu bila haraka,
akalowesha kidole ulimini, akarudia.
"Mama, bado elfu tano.
Ulinikata mwezi wa nne, kwa lile bakuli."

Bakuli!
Nilikuwa nimelisahau kabisa.
Yeye alikuwa analila kila siku.

Nikaingia chumbani kutafuta elfu tano,
nikaikuta kwenye Biblia, imeshikilia ukurasa.
Sikutazama ni ukurasa gani.

Alfajiri akapanda basi la Lushoto.
Vyombo niliosha mwenyewe, vibaya,
masizi yakabaki kwenye masikio ya sufuria.

Kengele bado haijanunuliwa.
Kila Jumapili kijana wa zamu anagonga rimu ya lori
iliyoning'inia kwenye mwarobaini,
na watu wanakuja tu, wanakuja.
Kwenye daftari la Mzee Semhando, mbele ya namba yangu,
pana kistari cha wino mwekundu.
Kila nikipita hapo ulimi unaniwasha nimweleze.
Mpaka sasa
najizuia.