Kumi na Mbili Nukta Saba

Waya wa stima unaishia langoni,
hatua mia mbili kabla ya gati.
Huku bwawani ni mimi, magugumaji,
na mashua ya marehemu daktari Kiragu
ambayo mjane wake hataki kuuza.

Kazi yangu ni betri.
Ikifa, pampu inanyamaza;
pampu ikinyamaza, mbao zinaanza kunywa,
na mbao hazijui kushiba.

Nimefunga paneli juu ya kibanda,
nikaielekeza kaskazini,
lakini Julai ya Nairobi haina jua, ina blanketi.
Leo kipimo kimesoma kumi na moja nukta nane.

Basi nachomoa vichwa, hasi kwanza,
naipakia kwenye wilibaro,
hadi kwa Nyamwaya kinyozi.
Anaichaji chini ya kiti, shilingi mia,
huku akinyoa vichwa vingine.

Jioni: kumi na mbili nukta saba.
Namwandikia mjane, “Imelala salama.”
Hajawahi kuniambia itasafiri wapi
katika bwawa lililojaa majani.
Nami sijauliza.

Pampu inakohoa,
inatema kikombe kimoja cha maji,
inatulia.